Kaseti Namba Kumi na Saba

2 Desemba 1997

Nimeanza kuandika kwa sababu nina mengi ya kusema juu ya Ruthu, na katika mji huu ukimsema mtu asubuhi, saa sita ameshapelekewa. Daftari angalau halina umbea.

Leo Bartolomayo amenikabidhi boksi. Ndiye mwenye Zuzu Michezo, kampuni iliyokuwa ikitoa kaseti za gemu hapa Dodoma tangu biashara ilipofunguliwa na kila mwenye mjomba Dubai akawa mwagizaji. Yeye aliagiza kaseti. Mdogo wangu Yotham ndiye aliyezipasua, akazibadilisha matumbo na kuzifanya ziseme Kiswahili, zenye kunguru wetu na zabibu zetu ndani yake. Kwenye majalada lakini limeandikwa jina la Bartolomayo peke yake. Sasa kampuni imekufa na pale panakuja duka la mitumba.

"Chukua takataka za marehemu, mama," akaniambia huku akipima ukuta kwa kamba. Nikamwambia Mungu akubariki, kwa sauti ambayo hata yeye aliielewa.

Mchezo wa kila aina ulikuwa na kaseti yake mama, na Yotham aliichoma namba mgongoni kwa chuma cha moto: ZM, mwaka, kisha nafasi yake kwenye mfululizo. Zilikuwa ishirini na sita. Kwenye boksi zimo kumi na nane. Nane zilizobaki zilikuwa nyumbani kwake alipofariki, na tulipogawa vitu vya marehemu, ndugu kila mmoja alichukua kaseti ya ukumbusho. Hakuna hata mmoja mwenye mashine ya kuichezea. Ndivyo tulivyo.

5 Desemba

Nimezungumza na Anyitike, mkuu wa maktaba ya chuo ninakofanya kazi. Ni kijana wa Tukuyu, amerudi na digrii na tai tatu. Nikamweleza kwamba huu ni mkusanyo wa michezo ya video iliyotengenezwa Dodoma, kwamba aliyeitengeneza amekufa, na kwamba tukichelewa itaishia jalalani. Akasema ataupokea na kuupa kabati lake, ila kwa masharti: kila kaseti iwe na kadi iliyochapwa, yenye namba, jina, maelezo ya mchezo, hali yake na mahali ilipo. Yote kabla ya Pasaka.

"Na iwe complete, mama Evodia. Series yenye pengo sipokei. Maktaba siyo sanduku la ukumbusho wa familia."

Kabati hilo nalitaka. Yotham hakuacha mtoto, hakuacha nyumba, na kaburi lake lina msalaba wa mbao. Zile namba ndiyo maandishi pekee ya mkono wake yaliyobaki duniani.

Kadi zitachapwa na kibarua wa alasiri, mchapaji ambaye asubuhi yuko ofisi nyingine ya serikali. Nikauliza jina. Ruthu. Nikauliza kama hakuna mwingine. Hakuna.

8 Desemba

Wifi yangu Ruthu, mjane wa Yotham, ameingia saa nane, ameweka mkoba, amekaa, amepangusa taipureta. Hakuniamkia.

Nimemzidi miaka kumi na mitano. Ni mke wa mdogo wangu, niliyembeba mgongoni. Tangu tulipomaliza matanga Agosti 1995 hajawahi kunipa shikamoo yangu. Ananuna kwa sababu ya televisheni na mashine ya gemu, ambavyo ukoo ulinikabidhi mimi. Sasa ilikuwaje? Vilikuwa vya mdogo wangu. Yeye alikuja na sufuria mbili na begi.

Na watu walisema mengi kuhusu ule ugonjwa ambao hakuna aliyeutaja, ulitoka kwa nani ukaenda kwa nani. Mimi sikusema. Nilimtazama tu.

9 Desemba

Mvua. Kadi nne. Hakuniamkia.

10 Desemba

Mvua. Kadi tatu. Hakuniamkia, ila Anyitike alipopita alimsalimia vizuri sana, tena kwa Kiingereza.

15 Desemba

Ili niandike maelezo inanilazimu kuzicheza hizi gemu kwangu jioni baada ya kazi. Mimi, mwanamke wa miaka arobaini na nne, mzee wa kanisa, nakaa mbele ya televisheni kufukuza kunguru kwenye mahindi. ZM/91/03: kunguru wanashuka, wewe una manati. Kunguru wameninyonyoa shamba zima mara sita. ZM/92/09: unachuma zabibu kabla mwenye shamba hajaamka. Mwenye shamba ana tumbo la Bartolomayo na kofia ya Bartolomayo. Nilicheka peke yangu, kisha nikakasirika kwamba hakuwahi kunionyesha alipokuwa hai. Labda alitaka kunionyesha. Nilikuwa nikifika pale kwao naanza na vumbi la madirishani.

19 Desemba

Tumefika katikati ya mfululizo. Namsomea namba zote, hata za kaseti zisizo kwenye boksi, anachapa. Nikasoma kumi na sita, akachapa. Akachomoa kadi, akaweka nyingine, akaandika kumi na nane.

"Kumi na saba?" nikamuuliza.

"Haipo."

"Haipo wapi?"

"Haipo mezani, wifi. Soma inayofuata."

Uso mkavu, wala kope halikumchezea. Nikajua pale pale kwamba anayo.

26 Desemba

Krismasi imepita ndani ya tope. Redio inasema mvua hizi zina jina la kigeni, El Nino. Huku Dodoma tumezoea kuiombea mvua, sasa watu wanaomba ikatike na wachungaji wamechanganyikiwa.

6 Januari 1998

Msalato, kwa baba mdogo Matonya. Nikamwamkia, akaitikia, tukaulizana habari za ng'ombe wote mmoja mmoja. Kaseti yake, ZM/94/21, nimeikuta chini ya mguu wa kitanda.

"Hii inanisaidia, mwanangu. Bila hii nalala nimeinama."

Nikamweleza kuhusu maktaba, kabati na kadi. Akasimama.

"Kwa hiyo jina la ukoo wetu litakaa pale kwa wasomi?"

"Litakaa, baba. Ila kuna moja inakosekana, na nadhani ni Ruthu ameificha."

"Kaseti ni mali ya ukoo," akasema. Nikasema ndiyo, ni mali ya ukoo. Akaleta tofali mwenyewe akaliweka chini ya kitanda, akanipa kaseti kwa mikono miwili.

7 Januari

Hakuniamkia.

14 Januari

Nimezipata nne zaidi. Mbili Mkonze kwa binamu zetu, moja kwa fundi baiskeli, moja kwa mama wa kwaya aliyekuwa akiitumia kama ubao wa kukatia mchicha. Ina mikwaruzo lakini namba inasomeka. Kwenye "hali" nikaandika: imekatiwa mboga. Ruthu alichapa bila kuuliza, ila niliona bega likimtikisika. Nani amempa ruhusa ya kucheka?

29 Januari

Nilikwenda Busi kwa shangazi Loisi, nikakwama siku tatu kwa sababu mto ulijaa na basi likasubiri ng'ambo. Mwili wote bado unanuka matope.

Shangazi aliolewa huko Kondoa zamani. Kaseti zake zilikuwa mbili, ndani ya kanga, pamoja na cheti cha ubatizo cha Yotham. Hakutaka kuzitoa.

"Hizi ndizo nilizopewa za mtoto wangu."

"Shangazi, zitatunzwa vizuri kuliko hapa."

"Hapa zina ubaya gani?"

Nilibembeleza siku ya kwanza na ya pili. Ya tatu, tukiwa tunachambua maharage, akauliza ghafla: "Na yule binti, mkewe, mlimpa nini?"

Nikasema alikuwa na vyake.

"Vipi?"

Nikataja sufuria. Shangazi akaendelea kuchambua maharage. Asubuhi alinifungia kaseti zote mbili kwenye kanga ile ile na kunisindikiza hadi mtoni, hakusema neno lolote njia nzima. Nilimchukia kidogo. Mtu akikaa kimya namna ile anakuachia wewe kazi yote ya kusema.

Sasa ni ishirini na tano. Inakosekana ZM/93/17.

2 Februari

Nikamwambia Ruthu: shangazi ametoa zake, mama wa kwaya ametoa yake, bado wewe. Akaendelea kupiga taipureta. Nikamwambia kama ameiuza kwa watoto wa waheshimiwa aseme, tutaifuata huko huko. Akasimamisha vidole.

"Wifi, mnataka nini tena kwangu?"

"Namba kumi na saba."

"Hamtaipata."

Hakusema haipo, alisema hamtaipata. Nikamtumia salamu baba mdogo Matonya.

8 Februari, Jumapili

Tumekwenda baada ya ibada: mimi, baba mdogo Matonya na binamu Kefa. Ruthu amepanga chumba kimoja karibu na reli. Mwenye nyumba alisimama uani na wapangaji wote wakatoka kuangalia. Matonya akasema tumetumwa na ukoo. Ruthu akafungua mlango, akakaa kwenye kigoda nje, mikono magotini, mvua ya rasharasha ikimwangukia.

Kefa alitoa sanduku la nguo, akalimimina. Matonya akapekua kapu la mkaa. Wakainua godoro wakaliegemeza ukutani. Mimi nilisimama mlangoni kuangalia wasije wakaharibu kitu, ndivyo nilivyojiambia. Chumba chenyewe hakina hata redio.

Kaseti haikuwepo. Chini ya mto palikuwa na shati la Yotham, lile la bluu la mikono mifupi. Kefa akaliokota, akalinusa, akalirudisha haraka. Halijafuliwa tangu alipolivua.

Tukatoka. Ruthu akaingia, akaanza kukunja nguo zake. Mwenye nyumba akaniuliza, "Wewe ni nani wake?" Nikasema wifi yake. Akatikisa kichwa, mwanaume mzima asiyenijua.

9 Februari

Amekuja kazini. Kadi sita. Mimi ndiye niliyekosa pa kuangalia.

20 Februari

Mvua. Reli imekatika huko chini, hakuna treni ya Dar. Anyitike anauliza kila siku: "Seventeen vipi, mama?" Nimeanza kuichukia sauti yake. Hataki kaseti, anataka mstari usio na pengo.

3 Machi

Leo nilikaa peke yangu na chuma cha kuchomea cha Yotham, kilikuwa ndani ya boksi. Ninayo kaseti tupu. Ningeweza kuchoma ZM/93/17 na hakuna ambaye angejua. Nilijaribu kwenye kipande cha plastiki. Saba ya Yotham ilikuwa na kimstari katikati na mkia uliopinda. Yangu ilitoka kama jembe lililovunjika. Nikakirudisha chuma.

21 Machi

Nitajaribu kuandika kila kitu kama kilivyokuwa.

Ujumbe ulikuja jana kutoka Mkonze: makaburi yametitia kwa mvua, kila familia ikafukie lake. Leo tumekwenda, ukoo mzima, na mabeleshi na majembe. Kaburi la Yotham lilikuwa limezama upande mmoja, msalaba umelala. Ruthu tulimkuta amefika kabla yetu. Alikuwa ametoa viatu, ameshamwaga ndoo kadhaa za udongo alizozitoa kwenye kichuguu ng'ambo. Hakuna aliyemwita. Hakuniamkia.

Tulifanya kazi. Tope lilikuwa zito, Kefa akawa anaimba pambio ili wakubwa wasigombane. Nami nilikuwa na hasira iliyokuwa ikitafuta mahali pa kutua tangu ile Jumapili ya godoro. Hasira ya kuaibika ni mbaya kuliko nyingine zote. Nikasema mbele ya watu wote:

"Ungekuwa unampenda kama unavyojionyesha hapa, ungeitoa kazi ya mikono yake ikatunzwa."

Akachomeka beleshi ardhini. Akanitazama miguuni, siyo usoni.

"Iko hapo unapokanyaga."

Sikuelewa. Nikaangalia chini kweli, kama mjinga, nikitafuta kwenye tope.

"Nilimwekea ubavuni," akasema. "Kabla hamjaja na wazee wenu. Nilijua televisheni mtachukua, mashine mtachukua, kitanda mtachukua. Ile nikasema hapana."

Nikaondoa miguu yangu pale. Pambio la Kefa likakatika.

Ningependa kuandika kwamba yaliishia hapo. Baba mdogo Matonya alivua kofia, akafikiri, akaivaa tena. Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Udongo wenyewe bado laini."

"Baba?"

"Nasema tu. Tumeshakuja na mabeleshi. Wazee tupo, sala itapigwa. Kaseti ni mali ya ukoo, Evodia, wewe mwenyewe ulisema. Na maktaba haipokei pengo, wewe mwenyewe ulisema."

Binamu wakaanza kuitikia. Mmoja akasema sanduku halikuwa la mbao nzito. Mwingine akauliza kama plastiki inaoza. Walikuwa wakiyasema maneno yangu, yale yale niliyozunguka nayo nyumba kwa nyumba tangu Januari, na sasa yalikuwa yamepata mabeleshi. Ruthu hakupiga kelele. Alikaa juu ya kaburi, kwenye tope, akakunja miguu.

Nami nikaenda nikasimama mbele yake. Nikamgeukia baba yangu mdogo na kumwambia kwamba atakayeingiza jembe pale ataanza na mimi. Sijawahi kumjibu mkubwa hivyo. Akasema nimerogwa. Akasema wanawake hawa wawili wameungana, jambo ambalo lingenichekesha siku nyingine. Nikamwambia, "Baba mdogo, shikamoo, lakini hapana." Nilirudia hivyo hivyo kila aliposema, sikuwa na maneno mengine. Mwishowe mvua ikashuka kubwa, wakakimbilia kwenye paa la kanisa.

Tulimalizia kufukia sisi wawili.

23 Machi

Matonya ametuma mtu kudai kaseti yake. Nimemrudishia jibu kwamba imeshapigwa muhuri wa maktaba. Bado haijapigwa.

30 Machi

Ruthu amekuja, ameweka kadi tupu kwenye taipureta, akachapa ZM/93/17. Akasubiri. Nikamwambia sijawahi kuuona huo mchezo, siwezi kumsomea.

"Unaitwa Dada Mkali," akasema.

Akaniambia huku akiangalia herufi za taipureta. Kuna kijana ametoka kuiba zabibu, anarudi nyumbani, milango ni mingi. Kila mlangoni amesimama dada yake, mnene, mikono kiunoni, mwiko mkononi.

"Unampiga?"

"Hapigiki."

"Unamruka?"

"Harukiki. Watu walikuwa wanahangaika mwezi mzima. Kuna kitufe kimoja tu. Ukikibonyeza kijana anainama, yanatokea maneno, shikamoo dada. Dada anasema marahaba, anampisha."

Nikauliza kama yule dada alifanana na mtu. Akasema alivaa kilemba cha njano. Kilemba cha njano ninacho mpaka leo, nilikivaa kwenye harusi yao.

"Siku za mwisho vidole vilikuwa havina nguvu," akasema. "Gemu nyingine zote zilimshinda. Hiyo aliiweza, kitufe kimoja. Akifika mlangoni anacheka mpaka anakohoa. Anasema, mwone Evo, mwone."

Niliondoka mezani nikaenda kusimama kwenye rafu za majarida ya kilimo, ambako hakuna anayekwenda. Nililia. Niliporudi alikuwa ameshachapa maelezo. Yalikuwa mafupi na sahihi. Kwenye "mahali ilipo" alikuwa ameniachia nafasi wazi.

8 Aprili

Anyitike amekagua kadi zote. Alipofika kumi na saba akavua miwani.

"Mahali ilipo: makaburi ya Mkonze. Mama, hii ni nini? Andika imepotea tumalize. Lost, kila mtu anaelewa."

"Haijapotea. Najua ilipo."

"Basi ni pengo."

"Siyo pengo. Ina namba, ina jina, ina maelezo, ina mahali. Ni masharti yako yote."

"Na mtu akiiomba?"

Ule muhuri mwekundu ulikuwa mbele yake, ule tunaoupiga kwenye kamusi na vitabu vyote visivyovuka mlango. Nikauchukua, nikaupiga kwenye kadi: HAIAZIMWI. Muhuri uliteleza, herufi zikatoka mbilimbili, lakini zinasomeka.

Alitaka kunifokea, nilimwona. Akaisoma kadi tena, taratibu, mpaka kwenye kilemba. Kisha akasaini. "Nikiulizwa nitakuita wewe," akasema. Nikasema aniite.

Kabati ni la chini, karibu na dirisha linalovuja. Nitaanza vita vingine baada ya sikukuu.

11 Aprili

Mvua imekatika. Kesho Pasaka. Televisheni na mashine nitavipeleka kwake Jumatatu, njia ikikauka. Nimesema nitavipeleka. Sijasema nitaomba chai.

Asubuhi nilikuwa nabandika namba kwenye kabati, nikasikia viatu vyake. Alikuja kuchukua mwavuli wake aliousahau. Nilikwenda kuangalia ni nani, tukakutana mlangoni, mimi nimeujaza mlango wote, mikono kiunoni, gundi mkononi. Akanitazama. Nikamtazama. Nilisubiri, siwezi kusema sikusubiri.

Hakuniamkia.

Nikampisha.